Kiranja: Mtoto Aliyepewa Kazi ya Mtu Mzima

Neno kiranja lina historia ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani. Kamusi za zamani za Kiswahili zinalieleza kama neno la jandoni: kiranja ni yule mvulana anayetangulia kukatwa, mbele ya wenzake wote. Baadaye neno likahamia shuleni, likawa jina la mwanafunzi anayewasimamia wanafunzi wengine. Huku kwetu Nyeri tulilikuta zaidi kwenye vitabu vya Kiswahili na kwenye insha za mtihani, maana mdomoni tulisema prefekti, na yule wa darasani tukamwita monita. Lakini hebu angalia safari ya neno lenyewe. Jandoni, kiranja ndiye aliyeumia kwanza. Shuleni akawa mtu wa kuandika majina ya wengine ili waumie wao.

Siku hizi ukisikiliza mazungumzo ya elimu kuanzia Othaya hadi Nanyuki, utasikia sana habari za ustawi wa mwanafunzi, afya ya akili na ushauri nasaha. Ni maneno mazuri na sina ugomvi nayo. Ila kuna swali la kale zaidi ambalo linanisumbua. Mtoto akipata shida shuleni, iwe ni kutoelewa hesabu, kuonewa na wakubwa, au moshi kuingia bwenini saa sita usiku, ni nani hasa aliye karibu naye? Kwa karibu miaka mia moja, hapa chini ya Mlima Kenya, jibu limekuwa lilelile: mtoto mwingine, aliyemzidi umri kidogo, mwenye daftari na kalamu.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Wagikuyu walikuwa na mtu wao wa kazi hii kabla ya shule kuja. Kijana aliyekwenda kutahiriwa alipewa mũtiiri, mtu aliyekwisha kupita njia hiyo, na jina lenyewe linatokana na kitendo cha kuegemeza kitu kisianguke. Mũtiiri alimshikilia kijana siku ya kisu, akamtunza wakati kidonda kinapona, akamfundisha jinsi mtu mzima anavyopaswa kukaa na watu. Sitaki kuipamba enzi hiyo. Ilikuwa na ukatili wake, na wasichana waliokatwa hawakuulizwa. Ninachosema ni kwamba wazo la mkubwa kumtunza mdogo lilikuwepo hapa, na lilikuwa na jina. Shule ilipokuja ilileta wazo jingine kabisa la mkubwa na mdogo.

Wazo hilo halikuzaliwa Nyeri. Mwishoni mwa karne ya 18, huko Madras, India, kasisi Mskoti aitwaye Andrew Bell alikuwa akisimamia nyumba ya watoto yatima. Walimu hawakumtosha, akawaweka watoto wakubwa wawafundishe wadogo. Mwaka 1798 Joseph Lancaster naye akafungua shule ya watoto wa maskini jijini London, na akajigamba kuwa kwa mpango wa mamonita mwalimu mmoja angeweza kuendesha shule ya watoto mamia kwa mamia. Mpango ulienea dunia nzima kwa sababu moja rahisi: ulikuwa wa bei ya chini. Mtoto hadai mshahara.

Kuna jambo jingine kumhusu Lancaster ambalo ningependa msomaji alishike, kwani litarudi Nyeri karne moja na nusu baadaye. Alikuwa wa dhehebu la Quaker na hakupenda fimbo. Badala yake alibuni aibu. Mtoto mkosaji alifungwa gogo shingoni, au akatiwa kwenye kikapu na kuning'inizwa darini wenzake wamtazame. Kwa maoni yake huo ulikuwa upole.

Kisha akaja Thomas Arnold, mkuu wa shule ya Rugby, Uingereza, kuanzia 1828 hadi 1842. Yeye hakuwa na shida ya pesa. Alikuwa na wavulana wa matajiri waliokuwa wakipigana na kulewa, akaona njia ya kuwatawala ni kuwakabidhi wakubwa wa darasa la juu mamlaka juu ya wadogo. Basi tukawa na vitu viwili tofauti: monita wa Lancaster, aliyetokana na uhaba, na prefekti wa Arnold, aliyetokana na tamaa ya kulea watawala. Makoloni ya Waingereza yalipata vyote viwili kwa pamoja, na hata leo shule zetu haziwezi kuvitenganisha.

Wamisionari wa Consolata kutoka Italia walifika nchi ya Wagikuyu mwaka 1902, na mwaka uliofuata wakawa Nyeri. Waskoti wa Church of Scotland walifungua misheni ya Tumutumu, karibu na Karatina, mwaka 1908. Shule za mwanzo zilikuwa vibanda vya udongo, na wanafunzi ndio walioziendesha kwa mikono yao. Mwai Kibaki, aliyezaliwa Gatuyaini kule Othaya, alisoma Mathari, shule ambayo sasa ni Nyeri High, kati ya 1944 na 1946. Huko wanafunzi walijilimia chakula chao wenyewe, na walijifunza useremala na uashi kwa kutengeneza madawati na kukarabati majengo ya shule. Ukitaka kuita hiyo elimu ya kujitegemea, sawa. Ukitaka kuiita kazi ya watoto, pia sitabisha. Watu wa rika hilo wenyewe, wakisimulia, husimulia kwa fahari.

Kwenye kilima hichohicho cha Mathari kulikuwa na shule ya wasichana ya Mtakatifu Sesilia, chini ya watawa wa Consolata. Mwaka 1951 alifika hapo msichana wa miaka 11 kutoka Ihithe, Wangari Muta, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Wangari Maathai. Katika kitabu chake cha maisha, *Unbowed*, anawakumbuka watawa wale kwa upendo mkubwa, na nadhani tumwamini. Lakini anakumbuka pia kifungo cha kuvaa. Msichana aliyekamatwa akizungumza Kikuyu alivalishwa kifungo hicho, wakati mwingine kikiwa na maneno ya Kiingereza ya kumtangaza mvaaji kuwa mjinga. Alikivaa mpaka amkamate mwenzake mwingine akiteleza, amhamishie. Jioni, aliyekutwa nacho aliadhibiwa kwa kufagia, kukata nyasi au kufanya kazi ya bustani.

Na kifungo hicho kiliitwaje? Kiliitwa "monita."

Niliposoma hapo mara ya kwanza nilirudi nyuma kusoma tena. Gogo la Lancaster lilikuwa limesafiri kutoka London hadi chini ya Nyandarua, likapungua ukubwa likatosha kifuani pa mtoto, na kazi ya monita ikawa haihitaji hata mtu wa kuteuliwa. Kila mtoto alikuwa mlinzi wa kila mtoto. Shule nyingine za Kenya zilitumia kipande cha mbao, nyingine mfupa au diski ya chuma, na wapo wasomaji wa gazeti hili waliokivaa wakiwa darasa la nne miaka ya themanini. Watu wengi wanapokizungumzia wanalia kwa ajili ya lugha, na wana haki. Mimi naongeza kwamba kilivunja kitu kingine pia. Rafiki yako, yule ambaye ungemnong'oneza kwa lugha ya mama kwamba umechoka au kwamba hujaelewa somo, ndiye hasa uliyepaswa kumwogopa.

Nyuma ya ukuta wa misheni mambo yalikuwa yakichacha. Baada ya mgogoro wa tohara ya wasichana mwaka 1929, Wagikuyu wengi walijitoa na kujenga shule zao, zile za KISA na za Karing'a, na mwaka 1939 wakafungua chuo chao cha walimu pale Githunguri. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilianza kuzifunga. Kufikia mwisho wa 1955 zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji 854 vyenye ulinzi, na kwa vijiji vya Nyeri mlinzi langoni hakuwa mzungu. Alikuwa ngati, homugadi, mtoto wa jirani. Magereza na kambi nazo zilikuwa na manyapara, mfungwa juu ya wafungwa.

Sisemi prefekti ni homugadi. Ulinganisho huo ni mwepesi mno, na hauwatendei haki wale waliofanya kazi hiyo kwa moyo safi. Lakini watu waliojenga shule za Nyeri baada ya Uhuru walikuwa wamelelewa kwenye vijiji hivyo, na walijua vizuri mwenzako akipewa filimbi inakuwaje. Ajabu ni kwamba hawakuutupa mpango huo, waliupanua.

Sababu moja ni kwamba shule waliyoistahi kuliko zote ilikuwa imejengwa juu yake. Alliance, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926 na kuongozwa na Carey Francis kuanzia 1940 hadi 1962, ilitoa mawaziri, makatibu wakuu na walimu wakuu, na hao walibeba kichwani picha ya jinsi shule nzuri inavyofanana. Sare ipigwe pasi, kengele ilie kwa wakati, na prefekti awe na sauti. Sababu ya pili ilikuwa ya Lancaster. Miaka ya sitini na sabini wananchi walichanga pesa wakajenga shule za harambee kila mtaa, na walimu hawakuwahi kutosha.

Kisheria, mamlaka ya kuadhibu yalibanwa sana. Kanuni za nidhamu zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ziliruhusu kiboko, lakini ni mwalimu mkuu tu angeweza kuchapa, baada ya kuchunguza kosa, mbele ya shahidi, na si mbele ya wanafunzi wengine. Viboko visizidi sita na viandikwe kwenye kitabu. Aliyesoma shule ya Kenya kabla ya 2001 akisoma kanuni hizo leo anacheka. Kiboko alikuwa nacho mwalimu wa zamu, mwalimu wa hesabu, mwalimu wa kwaya, na kuna shule ambako hata prefekti wa bweni alikuwa na mpira wa bomba chini ya godoro.

Na daftari, si unalijua? Mwalimu anatoka darasani, monita anasimama mbele au anakaa pembeni na karatasi yenye kichwa "wapiga kelele." Anaandika jina. Ukiongea tena anaweka alama mbele ya jina lako, mara mbili, mara tatu, na kila alama ina bei yake mwalimu akirudi. Hakuna aliyeuliza kelele zilihusu nini. Pengine ulikuwa ukimuuliza jirani jinsi ya kutafuta eneo la duara. Pengine jirani alikuwa akikwambia baba yake hajarudi nyumbani kwa wiki mbili. Vyote ni kelele. Na monita naye ana marafiki, ana maadui, ana bei: kuna majina yaliyofutika kwa nusu andazi. Ukweli ni kwamba wengi wetu tulijifunza rushwa hapo, kabla hatujakutana na askari wa barabarani.

Kwenye shule za bweni daftari lilikua likawa utawala kamili. Prefekti aliamsha watu alfajiri, akakagua vitanda, akasimamia foleni ya githeri, akalinda ukimya wa prepu ya jioni na akazima taa. Mara nyingi alilala kwenye chumba kidogo pembeni mwa bweni, alikuwa na haki ya kuingia jikoni, na angeweza kumpa mtu adhabu ya kukata nyasi au kupiga deki. Mwalimu wa zamu alilala nyumbani kwake, pengine nje ya geti. Kwa hiyo kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, mamia ya vijana walikuwa chini ya uangalizi wa vijana wengine wachache wa miaka 17 au 18. Wizara ilikuwa na kitengo cha mwongozo na ushauri tangu 1971. Katika shule nyingi kitengo hicho kilimaanisha mwalimu mmoja mwenye vipindi vyake kamili vya kufundisha na mlango uliotazamana na ofisi ya deputi. Nani angeonekana akiingia humo?

Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, huko Tigania, Meru, wavulana wa shule ya mseto ya St Kizito waliwavamia wasichana waliokataa kujiunga na mgomo wao. Wasichana walikimbilia bweni moja wakajifungia. Mlango ulivunjwa. Wasichana 19 walikufa, na 71 walibakwa. Yaliyosemwa na watu wazima siku zilizofuata yalisikitisha dunia, kwani yalionyesha kuwa si jambo geni kwao kwamba wavulana waliwasumbua wasichana usiku. Watu wazima walijua, na usiku waliuacha kwa watoto.

Miaka minane baadaye zamu ikafika Nyeri mjini. Mei 1999, wanafunzi wa Nyeri High waliwafungia maprefekti kwenye chumba walimolala usiku, wakamwaga petroli na kuwasha. Wanne walikufa.

Ni vigumu kuandika juu ya hilo hata sasa, maana wazazi wao wapo, nao waliosoma nao wapo, ni watu wazima wanaotembea Nyeri hii. Sitajaribu kueleza kilichokuwa kichwani mwa waliofanya hivyo, wala hakuna maelezo yanayopunguza walichofanya. Lakini naona kuna jambo lililopita bila kuangaliwa. Vijana wale wanne walikuwa wanafunzi. Walikuwa na mtihani wa kujiandalia kama wenzao, walikuwa na wasiwasi kama wenzao. Shule, na nyuma ya shule taifa zima, liliwapa mamlaka ambayo mtu mzima mwenye mshahara na nyumba yenye kufuli angeogopa kuyabeba, kisha likawalaza ndani ya jengo moja na watu waliowachukia. Tunapohesabu waliokosa ulinzi shuleni, prefekti huwa hatumhesabu. Tunamhesabu upande wa utawala. Usiku ule utawala ulikuwa nyumbani umelala.

Mjadala wa baadaye ulikwenda mahali palepale unapokwenda kila mara. Kuna waliodai fimbo iongezwe. Septemba mwaka huohuo shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti nzima kuhusu viboko katika shule za Kenya, ikionyesha pengo kati ya kanuni na darasa. Machi 2001 wavulana 67 walikufa kwenye moto uliowashwa bwenini Kyanguli, Machakos. Mwaka huo serikali iliunda jopo chini ya Naomi Wangai, aliyekuwa Mkurugenzi wa Elimu, lichunguze nidhamu na migomo, na mwaka huohuo adhabu ya viboko ikaondolewa kwenye kanuni za shule. Baadaye Katiba ya 2010 ikamkinga mtoto dhidi ya ukatili, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaweka faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miezi sita kwa anayemtesa mwanafunzi kimwili au kiakili.

Kwenye karatasi hayo ni mapinduzi. Sasa nenda darasani.

Januari 2003 Kibaki, yule mwanafunzi wa Mathari aliyekuwa amejilimia chakula chake, alikuwa Rais, na serikali yake ikafuta ada za shule za msingi. Idadi ya wanafunzi wa msingi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Sijui jambo jema zaidi ambalo serikali yoyote ya Kenya imewahi kufanya, na ninalisema bila aibu. Walimu, hata hivyo, hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Mwalimu aliyekuwa na watoto 40 akajikuta na 80, na fimbo amenyang'anywa, na ushauri nasaha hakufunzwa isipokuwa kwa semina ya siku mbili. Angefanya nini? Alimsimamisha mtoto mmoja mbele na kumpa karatasi. Lancaster alirudi kupitia mlango wa elimu bure. Ndiyo maana sipendi kumlaumu mwalimu peke yake. Monita ni uamuzi wa bajeti kabla hajawa uamuzi wa darasani.

Sekondari nazo zilijaribu jambo jipya. Baada ya wimbi la migomo la mwaka 2008, mwaka 2009 lilianzishwa Baraza la Wanafunzi wa Shule za Sekondari Kenya, kwa msaada wa UNICEF, na wazo lilikuwa kwamba wanafunzi wachague viongozi wao kwa kura, na viongozi hao wapeleke malalamiko juu badala ya kuteremsha adhabu chini. Shule zikapata rais wa wanafunzi, makamu, waziri wa chakula, kampeni na sera. Nimeona mabango ya kampeni hizo na ni ya kuchekesha: mtoto wa fomu ya tatu anaahidi chapati kila Ijumaa kwa uzito uleule wa mgombea ugavana.

Ni maendeleo, na nisingependa kuyadharau. Mahali pengine yamebadilisha mambo kweli, hasa kuhusu chakula, kwani rais wa wanafunzi anayeshindwa kuleta habari za githeri yenye wadudu mezani kwa mwalimu mkuu hatachaguliwa rafiki yake mwakani. Lakini kura haijaondoa daftari. Huyohuyo rais aliyechaguliwa ndiye anayehesabu watu wakati wa prepu na kuandika waliochelewa. Anatumikia mabwana wawili, na bwana anayeandika barua ya kumfukuza mtu shuleni ni mmoja tu.

Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024 bweni la wavulana la Hillside Endarasha Academy, huko Kieni, liliteketea. Lilikuwa limelaza zaidi ya wavulana 150. Waliokufa walikuwa 21, watoto wa shule ya msingi. Rais alitangaza siku tatu za maombolezo, na mabango ya rambirambi yakajaa barabara ya Nyeri hadi Mweiga.

Mwongozo wa usalama wa shule, ambao Wizara iliutoa mwaka 2008, unasema kati ya kitanda na kitanda kuwe na angalau mita 1.2. Milango iwe na upana wa futi tano na ifunguke kwa nje. Madirisha yasiwe na vyuma. Ukichukua futi ya kupimia na kuingia mabweni ya mkoa huu wa zamani wa Kati, utajua mwenyewe ni mangapi yanayofuata. Miezi miwili baadaye Wizara ilisimamisha bweni kwenye shule za msingi zaidi ya 300 nchini kwa kutotimiza masharti, maana yake ni kwamba zilikuwa zikilaza watoto hivyo hadi wiki hiyo.

Kuna wazazi wa Kieni na Othaya walioulizwa na majirani: kwani mtoto wa miaka tisa anatafuta nini bwenini? Swali lina ukali usio wa haki. Mzazi anayeondoka saa kumi usiku kwenda shamba la maua Timau, au anayeuza nguo Nairobi na kurudi wikendi, anajua mtoto wake akikaa nyumbani atakaa na nani. Anaipa shule pesa ili shule impe mtu mzima. Hicho ndicho alichonunua, mtu mzima wa usiku. Kwa karne nzima shule zimekuwa zikichukua pesa hiyo na kumpa mtoto wake mtoto mwingine.

Hata hivyo kuna kitu kingine ambacho hakimo kwenye ripoti yoyote ya jopo, na kila aliyesoma bweni anakijua. Kwenye shule nyingi za wasichana huku kwetu, msichana mgeni akifika na sanduku lake na macho mekundu, hupewa, au hujipatia, mama wa shule. Ni msichana wa madarasa ya juu. Anamwonyesha bomba lenye maji ya moto alfajiri, anamfundisha kukunja shuka kwa ukaguzi, anamgawia biskuti siku ya kutembelewa kama wake hawakuja, na usiku kabla ya mtihani wa kwanza wa kemia anakaa naye kitandani na kumweleza tena, kwa Kikuyu kama ni lazima, jinsi ya kusawazisha mlinganyo. Wavulana nao wana mpango wao, ingawa wanauonea haya na wanauficha nyuma ya kumtuma mono sabuni. Mama wa shule hana beji. Hana chumba chake pembeni, haingii jikoni, na jina lake halisomwi paredi. Ana daftari, ndiyo, la kemia.

Sijaona popote Wizara ikimtaja. Mkoa huu ulimfahamu zamani, ukamwita mũtiiri, na watoto wakamrudisha wenyewe bila kuambiwa na mtu, ndani ya mabweni yaleyale yaliyojengwa kwa ajili ya yule mwingine. Lakini yeye pia ana miaka 17. Naye taa zikizimwa anahitaji mtu aliye macho upande wa pili wa mlango, mwenye ufunguo, anayelipwa kwa kazi hiyo.